Ubao wa Unga wa Lenny Mrozek

Katika mpira wetu wa Kimarekani kuna watu watano ambao hakuna anayewatazama. Mchezo ukianza, macho yote yanamfuata mrushaji, kisha mbebaji, kisha yule mwembamba anayeruka kuudaka mpira kule mwisho wa uwanja. Wale watano wanene wa mstari wa mbele, wanaogongana na adui matopeni ili hao wengine wapigwe picha, wanatazamwa na mama zao tu. Mama zao, na Lenny Mrozek. Miaka ishirini na sita alikuwa kocha wa mstari pale sekondari ya Harnock, mji wetu wa kwenye kona ya mto, na ukimuuliza leo mpira ulikwenda wapi katika fainali fulani, hajui. Atakuambia miguu ya watano wake ilikwenda wapi.

Asubuhi alikuwa fundi wa boila wa shule hiyohiyo. Saa tisa alasiri alinawa mikono, akaning'iniza filimbi shingoni, akashuka uwanjani akichechemea kwa goti la kushoto, na hapo ndipo siku yake ilipoanza hasa. Alikuwa mtu wa matusi mengi, ila matusi yasiyo na sumu. "Wewe, huo ni mgongo au ni mlango wa ghala?" Watoto wanene wa mji huu, ambao darasani walichekwa na nyumbani waliambiwa wapunguze mkate, kwa Lenny ndiko walikojua kwamba Mungu hakukosea kuwaumba vile. Walimpenda. Na yeye, ingawa angekufa kabla ya kulitamka, alikuwa akiishi kwa penzi hilo.

Alikuwa na kitu chake kimoja ambacho kocha mwingine hakuwa nacho: ubao wa unga. Mchezaji wa mstari huinama akaweka mkono mmoja chini kabla mpira haujachezwa. Sasa, mwili una tabia ya kusema. Kijana akijua anakwenda kusukuma mbele ili mbebaji apite, uzito wote anauweka vidoleni, mpaka viungo vya vidole vinakuwa vyeupe. Akijua anakwenda kurudi nyuma kumkinga mrushaji, anakalia visigino na vidole vinagusa nyasi juujuu. Adui mwenye macho anasoma vidole hivyo na anajua mchezo kabla haujachezwa. Basi Lenny alitwaa ubao, akaunyunyizia unga wa mkewe Irene, akawainamisha vijana juu yake mmoja mmoja. "Sukuma!" Anatazama alama, anafuta. "Kinga!" Anapiga goti, goti lile bovu, na kuzikagua alama za vidole kama mama anayechambua mchele. Zikitofautiana, kijana anarudia. Wengine walirudia Agosti nzima.

"Vidole vyako vina umbea," alikuwa akiwaambia. "Mimi sitaki mmbeya kwenye mstari wangu."

Agosti ya mwaka huu Ron Tedesco, kocha mkuu, alimfuata chumba cha boila. Tedesco ni mtu wa kuita watu ofisini kwake. Akija mwenyewe ujue kuna jambo.

"Lenny, mzee wangu. Goti linaendeleaje?"

"Linaendelea kuwa goti. Sema kilichokuleta."

Tedesco akatazama mabomba kana kwamba yana bei. "Tumepata mwalimu mpya wa hesabu, Garrett Oslund. Kacheza mstari chuo kikuu, miaka minne. Nimempa mstari."

"Na mimi?"

"Wewe nakutaka juu. Kwenye kibanda. Macho yako, Lenny! Nani mwingine hapa ana macho kama yako? Utaona kila kitu, utatuambia kwa simu."

Kibanda hicho ni sanduku la mbao juu ya majukwaa, lina dirisha linaloshika ukungu na vipokea sauti vya masikioni vilivyofungwa kwa gundi. Mji mzima ulijua maana yake. Mwaka uliopita kijana wa kilo mia na thelathini alikuwa amemwangukia Lenny mazoezini, akabebwa na gari la wagonjwa, na Tedesco hakutaka kumbeba mara ya pili. Hayo ya macho yalikuwa asali ya kumezea dawa. Lenny alisema "Sawa," akaurudia moto wake wa boila, na tangu saa hiyo kijiba cha roho kikamkaa.

Mbaya zaidi, Oslund alikuwa mtu mwema. Angekuwa na majivuno, kazi ingekuwa nyepesi. Lakini alikuwa kijana wa miaka ishirini na tisa mwenye shingo nene na adabu, na siku ya kwanza tu alikuja na kahawa mbili.

"Kocha Mrozek, nisamehe kwa haya. Mimi nimecheza, lakini kufundisha bado. Nifundishe unavyofanya wewe."

"Hesabu sijui," akajibu Lenny, akaichukua ile kahawa na kuimwaga kwenye mtaro.

Angeweza kumwonyesha ubao wa unga siku ile. Ulikuwa umesimama nyuma ya mlango wa boila, hatua nne kutoka walipokuwa. Alimwona Oslund akiutazama, labda akidhani ni ubao wa rafu, na Lenny akasogea akausitiri kwa mgongo wake. Mgongo wake unatosha kusitiri mlango, seuze ubao.

Kisha mstari ukaanza kushinda. Mechi ya kwanza, ya pili, ya tano. Wale vijana walikuwa wanasukuma watu kama wanahamisha makabati. Mechi kumi, ushindi kumi. Gazeti la wilaya likaandika kwamba Harnock ina mstari bora kuliko yote iliyoonekana katika miaka ishirini. Lenny alilisoma hilo kwa kinyozi, akahesabu kwa vidole. Miaka ishirini! Hiyo yote ilikuwa yake. Walimsifu Oslund kwa kumkanyaga yeye, tena kwa herufi kubwa. Alirudi nyumbani amevimba, akamwambia Irene kwamba kinyozi siku hizi hajui kunyoa.

Kulikuwa na desturi ya Alhamisi. Kila Alhamisi jioni, kabla ya mechi ya wiki, watu wa mstari walikula kwa akina Mrozek. Irene alipika pierogi, vile vifuko vya unga vya Kipolandi vyenye viazi na jibini ndani, akazichemsha, akazikaanga kwa siagi na vitunguu, na kila mwenye shingo nene alikula mpaka aombe radhi. Lenny alipoondolewa kwenye mstari alidhani wangeacha kuja. Aliogopa waache, na nusu yake ilitamani waache, apate cha kulalamikia. Hawakuacha. Walikuja vilevile, wakavua viatu mlangoni vilevile, wakajaza jiko. Ila sasa midomo yao ilikuwa imejaa jina moja, la Oslund, ambalo walilikata likawa Oz.

"Kocha Oz kasema mguu wa kwanza uwe mfupi."

"Kocha Oz anaweza kunyanyua gari dogo upande mmoja, nimeona kwa macho yangu."

Mmoja wao, Dominic Pavlik, ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote: kijana mwenye masikio mekundu, anayemkinga mrushaji upande wa mgongo, pale ambapo mrushaji haoni kinachomjia. Mwaka uliopita Pavlik alikuwa akicheza upande wa kuzuia, hivyo kwa Lenny na ubao wake hakupita. Jioni moja aliinua uma akasema, "Bi Irene, Kocha Oz anataka tule mboga kwanza."

"Mboga!" akasema Lenny. "Kumbe sasa anapika pia? Irene, pumzika, mwenye jiko kaja."

Vijana walicheka mpaka meza ikatikisika. Lenny hakuwa ametania. Aliketi kwenye kiti chake, mezani kwake, akila chakula cha mkewe, na alijihisi mgeni aliyealikwa kwa huruma. Waliwahi kunukuu maneno yake hivyo? Kama waliwahi, hakukumbuka. Gere lilimpanda mpaka pierogi zikawa hazina chumvi.

Jumapili, baada ya kanisa, alikuwa na kazi ya kutazama video ya mechi kwenye kompyuta ya shule aliyokuja nayo nyumbani. Hiyo ndiyo kazi ya mtu wa kibandani. Zilikuwa zimebaki wiki tatu kabla ya nusu fainali. Alikuwa akitazama bila moyo, akitafuta kosa lolote la Oslund, na hakuna, na hakuna, mpaka akasimamisha picha. Akarudisha nyuma. Akasimamisha tena.

Vidole vya Pavlik. Kwenye kusukuma, vyeupe. Kwenye kukinga, vinagusa tu. Akamtazama akiinama mara arobaini, na mara arobaini vidole vile vilitangaza kama mnadi sokoni.

Lenny Mrozek alicheka. Alicheka peke yake, kicheko kirefu, kama mtu aliyepata barua ya heri. Miezi mitatu hakuwa amecheka hivyo. Akainuka, akaenda kwenye kopo la unga la Irene, akachovya vidole vitano, akavigandamiza juu ya meza.

Irene aliingia na kapu la nguo. "Unacheka nini? Na unga wangu umefanya nini?"

"Vidole vya Pavlik," akasema Lenny kabla hajajizuia. "Vina umbea. Oslund hajui. Chuo kikuu miaka minne, na hajui!"

"Basi mwambie."

"Nitamwambia."

Irene akafuta unga kwa kitambaa. Miaka thelathini na nane ya ndoa ilikuwa imemfundisha kuuliza mara mbili. Jumatano akauliza, "Ulimwambia yule kijana?" Lenny akasema, "Nilimwambia." Ulikuwa uongo mdogo, akauona mdogo, akala.

Hakumwambia. Jumatatu hakumwambia, Jumanne hakumwambia. Mechi mbili za mtoano zilipita, wapinzani hawakuwa na macho, Harnock ikashinda. Lenny alibeba siri yake kama peremende shavuni, akiigeuza kwa ulimi kila Oslund alipompungia mkono koridoni. Na alijua vizuri inakoelekea. Nusu fainali ilikuwa dhidi ya Tarrow, ng'ambo ya mto, na kocha wa Tarrow ni Augie Scalise. Augie na Lenny walicheza mstari mmoja hapo Harnock wakiwa vijana, bega kwa bega, chini ya kocha mmoja ambaye sasa ni marehemu, na yule marehemu ndiye aliyewafundisha wote wawili kusoma vidole. Augie angeona. Angeona katika dakika tano.

Hapo Oslund angeaibika mbele ya watu elfu nne, na Jumatatu Tedesco angeshuka ngazi za boila. Jibu lake Lenny alikuwa ameshaliandaa. Angesema, "Nitafikiria." Angemwacha asubiri mpaka Jumatano.

Watu husema mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini Lenny alidhani anachimba cha jirani.

Jumamosi mchana, baridi kali, majukwaa yamejaa mpaka kwenye uzio. Harnock walipoinama kwa mara ya tatu tu, Lenny aliona kwa darubini vidole vya Pavlik vikilegea, na wakati huohuo akamwona kijana wa Tarrow anayesimama mbele ya Pavlik akitabasamu. Mpira ulipochezwa, yule kijana alikuwa ameshaondoka. Alimzunguka Pavlik kama unavyozunguka nguzo, akamkuta mrushaji, Tyrell Gaines, mgongo wazi, akamlaza chini. Uwanja mzima ukaguna.

Roho ya Lenny ilipoa. Nisidanganye, ilipoa kama maji ya mtungini. Mara ya pili Tyrell alipolazwa, ilipoa tena. Kule chini Oslund alikuwa akikimbia huku na huku na ubao wake wa kuchorea, akitazama miguu, akitazama mabega, akitazama kila kitu isipokuwa vidole.

"Kocha Mrozek," sauti yake ikaja masikioni, imekauka. "Unaona nini huko? Wanajua kila tunachofanya."

"Bado natazama."

Mara ya tatu. Ya nne. Tyrell aliinuka, akatema nyasi, akampiga Pavlik kofi dogo kwenye kofia yake ngumu, lile la kusema usijali. Pavlik alikuwa analia. Hata kutoka juu mtu aliweza kujua kwa jinsi alivyoinamisha kichwa. Wakati huu ile raha haikuja. Lenny aliisubiri, akawa kama mtu anayesubiri chafya.

"Kocha Mrozek, nakuomba. Mimi sioni."

"Bado."

Mara ya tano kofia ya yule wa Tarrow iliingia chini ya kidevu cha Tyrell, na Tyrell akatolewa na daktari akishikilia taulo jeupe ambalo halikubaki jeupe. Tarrow kumi na saba, Harnock tatu, na ilikuwa imebaki dakika moja kufika mapumziko.

Ningependa kusema kwamba damu ile ndiyo iliyomfungua kinywa. Ilimtikisa, ndiyo, lakini alikuwa ameketi nayo, mkono juu ya kitufe cha simu, bila kukibonyeza. Kilichombonyezesha ni Augie. Augie Scalise, akitoka uwanjani kwenda mapumzikoni, alisimama mbele ya majukwaa ya Harnock, akainua uso kwenye kibanda, akanyoosha mkono wa kulia na kuchezesha vidole vitano hewani. Kana kwamba anasema: macho yako yamekufa, mzee. Umezeeka, huoni tena. Halafu akacheka, akaondoka.

Hilo Lenny hakuliweza. Kudharauliwa na mji alivumilia. Lakini Augie aamini kwamba yeye hakuona!

"Oslund!" akanguruma. "Vidole vya Pavlik. Nisikilize." Akamweleza kwa maneno ishirini.

Oslund akadakia, "Mungu wangu. Nitamrekebisha sasa hivi, nitamwambia aweke uzito uleule..."

"Usimrekebishe, mjinga wewe! Mgeuze. Tukirusha, agandamize kama anachimba viazi. Tukisukuma, aguse kama anagusa keki ya harusi. Mwache Augie asome. Asome mpaka macho yamtoke."

Mchezo wa kwanza baada ya mapumziko, vidole vya Pavlik vilikuwa vyeupe kama chaki. Tarrow yote ikaja mbele kuzuia msukumo. Tyrell, kidevu kimefungwa bandeji, akarudi hatua tatu bila mtu kumgusa, akautupa mpira juu ya vichwa vyao, na mwembamba wetu akaudaka peke yake kama mtu anayeokota gazeti mlangoni. Mchezo uliofuata, vidole vyepesi, Tarrow wakarudi nyuma, mbebaji akapita katikati. Mechi iliisha ishirini na nne kwa ishirini. Augie hakutazama tena juu.

"Kocha Mrozek," Oslund alisema masikioni, anahema. "Uliona saa ngapi?"

Lenny akarekebisha vipokea sauti masikioni. "Leo hii," akasema. "Robo ya pili."

"Kutoka huko juu! Mimi nilikuwa hatua tano kutoka kwake!"

Oslund hakujiwekea hata chembe ya sifa. Alimwambia mwandishi wa gazeti, akamwambia mkuu wa shule, akamwambia muuza petroli. Siku tatu Lenny aliogelea katika sifa. Kanisani walimshika mkono, "Macho yako yametuokoa." Kinyozi alikataa pesa yake. Akaikata habari ile gazetini, akaibandika chumba cha boila, si nyumbani. Nyumbani gazeti lile lilipotea, na Irene alipoliuliza Lenny alisema labda upepo. Irene aliamini kwamba mumewe alikuwa amemsaidia yule kijana tangu wiki tatu zilizopita, akafurahi, akanunua unga zaidi.

Ikaja Alhamisi ya mwisho, kabla ya fainali. Alhamisi hiyo ina sheria yake: mrushaji ndiye anayewahudumia watu wa mstari, kwa kuwa mwaka mzima wao ndio wanaomhudumia. Tyrell Gaines alikuwa amevaa aproni ya Irene yenye maua, na kidevuni alikuwa na nyuzi tano nyeusi za mshono. Vijana walikuwa wamewaalika Tedesco na Oslund, na Irene alikuwa ameleta viti kutoka kwa jirani. Oslund alikuwa amekaa ukingoni kama bwana harusi, amebeba maua kwa ajili ya mwenye nyumba.

Tedesco alisimama, akagonga glasi. "Sitasema mengi."

"Uongo!" wakaitikia vijana.

"Nina siri moja. Ijumaa, siku moja kabla ya Tarrow, huyu Garrett alikuja ofisini kwangu. Garrett, niseme?"

"Usiseme," akasema Oslund, akicheka, masikio yake nayo yakiwa mekundu.

"Nasema. Akaniambia, mwakani mrudishie Mrozek mstari wake. Mimi niwe msaidizi wake. Nikamuuliza, una wazimu? Umeshinda kumi na mbili! Akasema, Kocha, kila nikiwafundisha kitu, wanaanza: Kocha Lenny angesema hivi, Kocha Lenny angetukana vile. Nafundisha kwenye nyumba ya mtu."

"Si kweli sana," akasema Pavlik, mdomo umejaa, "ila kweli."

Lenny aliweka uma chini. Maneno yaliingia polepole. Kule uwanjani, alasiri zote zile alizokuwa akimhesabia mwenzake mapenzi, ni yeye aliyekuwa akinukuliwa. Oslund naye alikuwa ameketi na gere lake, ila la kwake lilikuwa limempeleka ofisini kumwombea mwenzake.

"Nikakubali," Tedesco akaendelea. "Goti au si goti. Nilikuwa nishuke chumba cha boila Jumatatu. Halafu ikaja Jumamosi." Akapanua mikono. "Jamani! Mtu anakaa juu kule, dirisha lina ukungu, na katika robo moja, robo moja tu ya mchezo, anaona vidole vya mtoto! Sasa mtu kama huyo nimshushe? Nimtoe huko nimweke matopeni? Lenny, mzee wangu, Agosti nilikudanganya kidogo kuhusu macho, Mungu anisamehe. Kumbe nilisema kweli. Huko juu ndiko kwako mpaka siku ya kustaafu."

Vijana walipiga meza kwa ngumi. Oslund alisema kwa sauti ya chini, "Mimi nilipinga, Kocha," na hakuna aliyemsikia isipokuwa Lenny.

Irene alikuwa amesimama na kikaango mkononi. "Jumamosi?" akauliza. "Aliona Jumamosi?"

"Jumamosi hiyohiyo, Bi Irene! Robo ya pili!"

Irene akalitazama kopo la unga juu ya rafu. Kisha akamtazama mumewe, na uso wake haukuwa na hasira. Alikuwa akihesabu Jumapili.

Mlango ulikuwa wazi. Lenny aliuona vizuri kama anavyoona vidole. Sentensi moja tu, niliona wiki tatu kabla, na hana macho ya ajabu tena, na hakuna sababu ya kumweka kibandani, na mstari unaweza kuwa wake, kama bado kuna atakayempa. Sentensi moja. Lakini njiani kwenda kwenye sentensi hiyo alikuwa amesimama Tyrell Gaines na sahani ya kwanza, aproni ya maua, nyuzi tano kidevuni.

"Ya kwanza ni yako, Kocha," akasema Tyrell, akiitua mbele yake kwa mikono miwili. "Usingeona siku ile, wangenitoa kwa machela."

"Irene," akasema Lenny.

"Wajibu watu," akasema Irene. "Uliona lini?"

Pavlik alikuwa ameacha kutafuna, anasubiri kusikia tena hadithi nzuri.

"Jumamosi," akasema Lenny.

Wakashangilia. Tyrell akaendelea kugawa, Oslund akainua glasi, na Irene akazunguka meza na kikaango akiwaongeza wageni wake, Pavlik tatu, Oslund nne, Tedesco mbili kwa sababu ya tumbo lake. Alizunguka mara mbili, na mara zote mbili alipita nyuma ya kiti cha Lenny bila kusimama.